Niliyojifunza kuhusu uaminifu wa Mungu katika miaka ya mashine

Mume wangu aliishi kwa mashine ya kusafisha damu kwa miaka kadhaa kabla Bwana hajamchukua. Watu huniuliza tulipitaje, na wengi hawaulizi kwa udadisi. Wana mgonjwa nyumbani, au wao wenyewe wamepewa majibu juzi na tangu hapo hawajalala. Hao ndio ninaowaandikia. Anayetafuta sababu ya Mungu kuruhusu ugonjwa hataipata hapa. Mimi mwenyewe sikuipata, na siku hizi sihangaiki nayo kama zamani. Ninachoweza kueleza ni jinsi mtu anavyoendelea kuwa Mkristo siku ya Jumanne alfajiri, mgonjwa anatapika, bili iko mezani, na maombi ya jana hayana dalili ya kusikiwa.

Ilianza kimya kimya, kama ilivyo kwa wengi. Alikuwa na presha ya siku nyingi, dawa alimeza alipokumbuka. Figo ni viungo vivumilivu mno: zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake na mtu asihisi chochote. Sisi tulishtuka miguu ilipovimba, chakula kikamchukiza, akawa analala mchana kutwa. Daktari aliyasoma majibu ya damu mara mbili kabla hajainua macho. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna theolojia yoyote ndani yake: ukiwa na presha au sukari, omba upimwe figo kila mwaka, damu na mkojo. Magonjwa hayo mawili ndiyo yanayoongoza kuziharibu, na kipimo chenyewe ni chepesi.

Majuma ya kwanza nyumba ilijaa. Watu wa kanisani walikuja kwa zamu, tukaimba, tukakemea, tukafunga. Ninawashukuru hadi leo. Lakini ugonjwa wa ghafla na ugonjwa wa kudumu ni mambo mawili, na makanisa yetu mengi yanajua kushughulika na ule wa kwanza. Mtu akilazwa leo, keshokutwa tunangoja ushuhuda. Miezi ikipita bila ushuhuda, watu wanaishiwa maneno, wanaona haya kuja na sala ileile, mwishoni hawaji. Hawakuwa wametuchukia. Walikuwa wamechoka kutojua la kusema. Ukiingia kwenye safari ya namna hii, tarajia siku hiyo ya sebule kuwa tupu, ili ikifika usidhani Mungu naye ameondoka na wageni.

Wakati huo simu iliingiza aya. Zilikuja asubuhi, mchana na usiku wa manane, na iliyoongoza kwa mbali ni Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Ilifika mahali simu ikilia mume wangu ananiambia, "Mpokee Yeremia." Tulicheka, lakini kwa kweli aya ile ilikuwa imeanza kuniuma. Nilipoiona niliisikia kama ahadi ambayo wenzangu wote walikuwa wametimiziwa.

Usiku mmoja, nikiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake wodini, niliamua kuisoma sura yote badala ya ule mstari mmoja, na nikarudi nyuma hadi sura ya 28. Kumbe maneno yale yamo katika barua kwa watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Sura moja kabla yake nabii mmoja, Hanania, amesimama hekaluni Yerusalemu na kuwaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka watarudi. Unabii mtamu, nao ulikuwa wa uongo. Barua ya Yeremia inawaambia miaka 70. Inawaambia wajenge nyumba huko huko ugenini, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji uliowateka. Hesabu ni nyepesi: wengi wa waliosomewa barua ile walizikwa Babeli. Mawazo ya amani waliyoahidiwa yalikuwa ya kweli, na yaliwafikia wakiwa bado matekani.

Sijui nieleze vipi ahueni niliyoipata. Mpaka hapo nilidhani kila siku ya mashine ilikuwa siku ambayo Mungu hakujibu. Kesho yake nilimsomea mume wangu zile sura mbili, akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi tujenge nyumba." Tukaanza kupanga maisha ya ndani ya ugonjwa. Siku zisizo za mashine alirudi kwaya, sauti ya besi, akiimba ameketi. Alianza tena kumsaidia binti yetu hesabu. Hatukuacha kuomba uponyaji, ila tuliacha kuahirisha maisha yote mpaka uje.

Kwa asiyeijua mashine: kwa kawaida mgonjwa anaunganishwa nayo mara tatu kwa juma, na kila mara ni kama saa nne. Walimfanyia upasuaji mdogo mkononi, wakaunganisha ateri na vena ili mshipa upanuke na kuhimili sindano nene. Ukiweka vidole pale palipounganishwa unausikia mtetemo wa damu ikipita. Walitufundisha kuuchunguza kila siku, kwa sababu ukikatika maana yake mshipa umeziba. Akitoka pale amechoka kiasi kwamba hataki kuongea. Anapopata nafuu, zamu nyingine imefika.

Kilichomtesa zaidi kilikuwa kiu. Figo zikiacha kutoa mkojo, maji unayokunywa yanabaki mwilini, yanajaa mapafuni, yanaulemea moyo. Kwa hiyo maji yanapimwa kikombe kwa kikombe, na maji yaliyomo kwenye chakula nayo yanahesabiwa. Alikuwa akilowesha midomo kwa kitambaa. Ni yeye, si mimi, aliyeichagua Zaburi 42 kuwa zaburi yetu. "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Nimeimba maneno hayo tangu shule ya Jumapili, kwa sauti tamu, nikimwona ayala mzuri kando ya kijito. Mume wangu aliyasoma akiwa na ulimi mkavu, akaniambia yule ayala hana kijito, ndiyo maana anakionea shauku. Mstari wa 3 ukafuata: "Machozi yangu yamekuwa chakula changu mchana na usiku, pindi wanaponiambia mchana kutwa, Yuko wapi Mungu wako?"

Hapo ndipo nilipojifunza kuomba kwa zaburi za maombolezo, na kama ningeruhusiwa kumpa mtu kitu kimoja tu kutoka miaka ile, ningempa hicho. Nilikuwa sina tena maneno yangu. Nilikuwa nikipiga magoti, nasema "Baba yetu," kisha nasinzia au nalia. Zaburi zilinipa maneno ya watu wengine waliokuwa wamefika pale kabla yangu. Zaburi ya 13 inaanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 22 ni ile aliyoililia Bwana wetu msalabani. Ya 88 ndiyo ngumu kuliko zote: inaanza gizani na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa kupoza mwishoni. Nilishangaa ilivyobaki kwenye Biblia. Baadaye niliona kwamba kubaki kwake ni zawadi, kwa sababu mtu aliyeitunga alikuwa bado anazungumza na Mungu. Malalamiko yote yale yameelekezwa kwake. Amekasirika na hajaondoka.

Namna nilivyofanya ni hii. Nilisoma zaburi moja kwa sauti, hata kama ni kwa kunong'ona. Sikuruka mistari mikali. Palipokuwa na "adui" nilitaja ugonjwa, deni, hofu ya usiku. Zaburi ilipogeuka kuwa sifa na mimi bado sijageuka, nilimwambia Mungu hivyo hivyo: huyu amefika, mimi bado. Kisha nilinyamaza dakika chache na kwenda kuosha vyombo. Wakati mwingine haikuzidi dakika tano. Ratiba ya ibada niliyokuwa nayo kabla ya ugonjwa isingewezekana, na ningejilazimisha nayo ningeacha kila kitu.

Niseme wazi kuhusu hisia, kwa maana hapa ndipo shuhuda nyingi zinapotia chumvi. Siku nyingi sikuhisi uwepo wa Mungu. Zipo nyakati chache, naweza kuzihesabu kwa vidole, ambapo utulivu ulinishukia usioendana na hali niliyokuwa nayo. Mojawapo ni korido ya hospitali, nimetoka kuambiwa habari mbaya, na nikajikuta siogopi. Sikuutafuta utulivu ule, na nilipojaribu kuurudisha kesho yake haukuja. Siku nyingine zote niliishi kwa kilichoandikwa, kwamba yupo. Zaburi ya 23 ilinisaidia kwa jambo nililokuwa sijaliona. Mwanzoni Daudi anamsimulia Mungu kwa wengine: ndiye mchungaji wangu, huniongoza, hunihuisha. Akifika kwenye bonde la uvuli wa mauti anaacha kumsimulia, anamgeukia: "Wewe upo pamoja nami." Na mimi bondeni nilipoteza uwezo wa kumfafanua Mungu, nikabaki na uwezo wa kumwita.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Alikuja mtumishi mmoja, si wa kanisa letu, akatuambia kwamba mashine ni ushahidi wa imani haba. Siku mume wangu atakapokataa kwenda kwenye mashine, alisema, ndiyo siku figo zitakapoamka. Aligusia pia kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka, na mbegu yenyewe ilikuwa na kiwango. Mume wangu alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alimwomba aondoke. Mgonjwa wa hatua ile akiacha mashine, potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Watu wamekufa kwa ushauri kama ule, na waliowashauri hawakuwepo kwenye mazishi.

Mchungaji wetu alitufungulia 2 Wafalme 20. Hezekia ameugua ugonjwa wa kufa, ameomba, ameahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona, na bado Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa kwenye sura moja, bila kugombana. Akatuonyesha pia mstari ambao sijawahi kuusikia ukihubiriwa, 2 Timotheo 4:20, Paulo akisema kwamba Trofimo alimwacha Mileto akiwa hawezi. Ni Paulo yuleyule ambaye Matendo 19 inasema leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Rafiki yake alibaki mgonjwa Mileto, na Paulo hakuandika hata neno moja la kumlaumu kwa imani yake. Ukiwa na mgonjwa, kubalianeni mapema, wote wawili, nani atakayeruhusiwa kuja kumwombea na nani atakayepokewa mlangoni kwa heshima na kurudishwa. Kwetu kazi hiyo aliifanya mdogo wake mume wangu, kwa kuwa mimi sikuwa na nguvu ya kubishana, na mgonjwa hapaswi kuifanya mwenyewe.

Gharama. Bima ilibeba sehemu, iliyobaki ilikuwa yetu. Tuliuza gari, baadaye kiwanja. Kazi yangu nilipunguza saa, na mshahara ukapungua nazo. Kwa muda mrefu tulitangaziwa kanisani kwa maneno "familia yenye uhitaji," na uhitaji huo hakuna aliyejua ni upi. Shemeji yangu ndiye aliyeniambia, "Shemeji, watu hawawezi kubeba mzigo wasioujua uzito wake." Akanishauri niseme kiasi, na kinahitajika siku gani. Ilinichoma aibu, lakini ilifanya kazi. Mmoja alilipia mafuta ya gari la jirani aliyetupeleka. Mwingine alichukua ada ya muhula mmoja. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, kwa hiyo wagonjwa hawa hupungukiwa damu. Alipohitaji kuongezewa, vijana wa kwaya walijipanga kuchangia.

Nilianza kuandika kila kilichoingia kwenye daftari, mikopo ukurasa mmoja, misaada ukurasa mwingine, ili siku moja niweze kurudisha au angalau kushukuru. Nilikuwa naweka hesabu tu. Mikopo mingine bado nailipa, na sitaki mtu adhani kwamba pesa zilidondoka kila tulipopungukiwa. Tulipungukiwa kweli. Kuna dawa tulizinunua nusu dozi tukisubiri mwisho wa mwezi.

Kati ya waliobaki nasi yupo mama mmoja wa makamo, hana cheo kanisani, hajasoma sana, na hakuwahi kunitumia aya hata moja. Alikuja kitengo cha mashine kila alipopata nafasi, akaketi, akafuma. Siku ya kwanza nilingoja aombe. Hakuomba mpaka mwisho, na alipoomba ilikuwa sentensi mbili. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nenda kalale kwenye benchi pale nje, mimi nipo." Nilikuwa naenda, nalala. Nilipokuja kusoma kitabu cha Ayubu upya nilimwona mama huyu kwenye sura ya 2, pale marafiki wanapoketi naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Ndilo jambo jema walilofanya. Walipofungua midomo wakaanza kueleza sababu, wakaeleza sura kwa sura, na mwishoni Mungu akawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Ayubu, ambaye alikuwa amelalamika wakati wote!

Kwa hiyo ukitaka kumtia moyo mtu, acha kumwambia "nipigie ukihitaji chochote." Hatapiga. Hana nguvu ya kufikiria anachohitaji, na hajui kama ulimaanisha. Chagua jambo moja dogo, lifanye kwa ratiba: kumpeleka mtoto shule Alhamisi, kufua, kukaa na mgonjwa saa mbili. Mwulize mgonjwa habari nyingine zaidi ya ugonjwa. Mume wangu alifurahi kuliko kawaida siku rafiki yake alipokuja wakabishana kuhusu mpira kwa saa nzima.

Na wewe unayeuguza, mwili wako una kikomo. Mimi nilifika mahali nikawa naendesha kila kitu kwa hasira. Kulala silali, watoto wananiogopa, na usiku mmoja nilijikuta natamani nisiamke. Nilimwambia mama yule wa kufuma, akanipeleka kwa daktari, na daktari akanitibu kama mgonjwa, maana nilikuwa mgonjwa. Eliya naye alisema hivyo chini ya mti wa mretemu: "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, malaika akamgusa ale, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akaambiwa ale kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Swali "unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye sana, mtu ameshakula na kupumzika. Charles Spurgeon, mhubiri wa London wa karne ya 19 aliyesikilizwa na maelfu, alisumbuliwa na huzuni nzito miaka mingi, hasa baada ya mkanyagano uliotokea akihubiri mwaka 1856 na kuua watu saba, na hakuificha. Nilipolijua hilo niliacha kuona haya. Ukiwa na mawazo ya kutaka kufa, mwambie mtu leo hii, na mwone daktari. Sala yako haitapungua thamani kwa kuwa umemeza dawa.

Mwaka wa mwisho moyo wake ulianza kushindwa. Wagonjwa wengi wa figo huondoka kwa njia hiyo, daktari alitueleza bila kuzunguka, na nilimheshimu kwa hilo. Tulizungumza mambo ambayo familia nyingi huyakwepa kwa kuogopa kuonekana zimekata tamaa: watoto, nyaraka, mahali pa kuzikwa, nyimbo. Wengine walituambia tunakiri mauti. Sisi tulisimama na wale vijana watatu mbele ya tanuru, waliosema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Nusu zote mbili za jibu lile ni imani. Mume wangu aliishi kwenye nusu ya pili bila kuikana ya kwanza. Zungumzeni mapema. Mazungumzo yale yaliniokoa na migogoro ambayo nimeiona ikiwararua wajane wenzangu.

Alifariki usiku, hospitalini. Sikuwepo chumbani. Nilikuwa nimetoka kumtafuta muuguzi, na niliporudi alikuwa ameshaondoka. Miaka yote ile ya kukaa kando yake, na dakika ile moja sikuwepo. Jambo hili lilinitesa kuliko kifo chenyewe, na tangu nianze kulisema nimegundua ni wangapi wanalibeba kimya: aliyekuwa njiani, aliyekwenda kuoga, aliyelala kidogo. Muuguzi wa zamu aliniambia kwamba hutokea mara nyingi. Faraja haikuja upesi. Ilikuja baada ya miezi, na ilikuja na Zaburi 139: "Kama ningepanda mbinguni, Wewe uko, ningefanya kuzimu kitanda changu, Wewe uko." Nilikuwa nimeusoma mstari huo kwa ajili yangu. Nikausoma kwa ajili yake, na chumba kile, ambacho kwenye mawazo yangu kilikuwa na mtu mmoja aliyekufa peke yake, hakikuwa kitupu tena. Bado inauma. Ila sidai tena kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuwa uwepo wa Mungu kwake saa zote.

Msibani niliambiwa nisilie kwa kuwa yupo mahali pema. Najua yupo mahali pema. Lakini Yohana 11 inamwonyesha Yesu akienda kaburini kwa Lazaro akijua kabisa atakachofanya muda mfupi ujao, na bado, "Yesu akalia machozi." Kama aliyekuwa na ufufuo mkononi alilia, wacha mjane alie. Na tafadhali, mkija kumtembelea aliyefiwa, njooni pia mwezi wa tatu. Mwezi wa kwanza kuna watu. Mwezi wa tatu nilikuwa bado naamka alfajiri siku za mashine, navaa, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka.

Ni katika miezi hiyo nilipolichukua lile daftari nione nani bado ananidai shukrani. Niliketi nalo mpaka usiku. Kulikuwa na majina ya watu ambao nilikuwa nimesahau kabisa kwamba walikuja. Kulikuwa na siku nilizozikumbuka kama siku ambazo hapakuwa na mtu, na kwenye daftari kuna mtu: usafiri, chupa za damu, "mama amekaa mpaka jioni." Kumbukumbu yangu ilikuwa imetunza mapungufu na kuacha yaliyotolewa. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akisema, "Hata sasa BWANA ametusaidia," na nadhani alijua kwamba watu bila jiwe husahau. Andika. Andika hata kama unaandika kwa sababu ya deni, na andika tarehe.

Siku hizi naenda kitengo kilekile ninapoweza, kukaa na ndugu za wagonjwa wapya. Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki za namna zote, na yeye aliyeandika hayo anakiri aya chache mbele kwamba huko Asia alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi. Sibebi mahubiri. Nafuma vibaya, kwa hiyo nabeba kitabu. Kijana mmoja ambaye mama yake ndiyo kwanza ameanza mashine aliniambia hana imani ya kumwombea. Nilimwonyesha yule baba wa Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na kwamba mtoto wake alipona hata kwa sala hiyo iliyochanika. Akauliza kama na mama yake atapona. Nilimwambia sijui, nikamwuliza kama amekula.

Ukiwa ndani ya hali hii usiku wa leo na hujui pa kuanzia, anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu. Minne ya kwanza ni ya kulia na kuomba, miwili ya mwisho ni ya kutumaini. Kama unaweza ile minne tu, soma hiyo, ulale. Miwili iliyobaki utaikuta kesho.